Makofi ya Kilo kwa Mtoto Aliyeomba Maji

Juzi pale Mlabani niliketi kwenye semina ya wazazi na walimu wa watoto wenye usonji. Mkufunzi alisisitiza kwamba mtoto akifanya vizuri, apongezwe palepale. Binti mmoja asiyesema akanyoosha kikombe kuomba maji.

"Makofi ya kilo!" mwalimu mmoja akaamuru, na ukumbi mzima ukapiga makofi mazito ya pamoja kama darasani. Mtoto akaziba masikio, akajificha chini ya meza.

"Mwalimu, hapo mmemfundisha asiombe tena," mama yake akasema. "Mwanangu anapenda kimya."

Tukanyamaza. Baadaye mtoto akatoka taratibu, akanyoosha tena kikombe. Mwalimu akafurahi mno, akainua mikono. Mama akaiwahi, akaishika. Ningemcheka mwalimu, ila na yangu ilikuwa imeshainuka.