Kidole Ndani ya Kikombe cha Chumvi

Ilianza siku ya Jumatano, saa nne kamili ya asubuhi, tulipotoka mapumziko ya récréation. Vita ilikuwa imefunga mto, na chumvi ilifika Kisangani kwa ndege tu. Mwalimu wa uraia aliandika ubaoni: amani ikirudi, Serikali iishi kwa nini? Kwa kodi ya mshahara, ila itengenezwe upya ili mwenye kupata zaidi akatwe zaidi, ao kwa kodi moja ya nchi nzima, ambayo kila mtu analipa akinunua kitu? Safu yetu ilipewa kutetea ya pili.

Nilifurahi, maana nilikuwa upande mmoja na msichana wa benchi yangu. Papa yake, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, alileta chumvi kwa ndege na kuiuza kwa mifuko. Darasa zima, ni yeye peke yake aliyenizungumzisha. Wengine walichoka na ukimya wangu, wakaniacha. Hata biki niliyoandikia siku ile ilikuwa yake.

Alisimama wa kwanza. "Kodi ya mushahara? Mushahara gani? Wafanyakazi wa Serikali hawalipwi tangu vita. Utakata nini kwa mutu hana kitu? Lakini chumvi, kila mutu anakula. Donc, kila mutu atalipa, sawasawa."

Watu wakacheka, wakanitazama. Papa yangu ni karani wa Serikali. Sidhani alinilenga, lakini masikio yaliniwaka.

Mwalimu akaniita nimuunge mkono mwenzangu. Nilisimama nikitaka kurudilia maneno yake tu. Yakatoka mengine.

"Si sawasawa. Mwenye kuleta chumvi analipa kodi kwenye kiwanja cha ndege, kiisha anaiongeza kwa bei ya mufuko. Muuzaji wa sokoni hawezi kupandisha bei ya kikombe, wateja watakimbia. Basi anapima na kidole gumba ndani ya kikombe, chumvi ipungue. Tajiri ananunua mufuko muzima, kidole hakimufikii. Anakilipa yule wa kikombe."

"Kidole ya nani?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Ya mama yangu."

Mwalimu akaniandikia saba kwa kumi. Rafiki yangu alikuwa akikusanya madaftari yake.

"Ulikuwa upande wetu," alisema polepole. "Papa yangu alikukosea nini?"

Akahamia benchi ya mbele.

Jioni nilimweleza mama yote, kabla majirani hawajamweleza. Alikuwa akichambua majani ya pondu, hakuinua kichwa.

"Walikupa pointi ngapi?"

"Saba."

"Bon. Pika zile pointi, tukule."

Kiisha, akitupa vijiti: "Na mwenzako?"

"Amehama."

Akanisogezea kinu nitwange.

Kesho yake asubuhi nilifika darasani mbele ya wote. Nilipangusa vumbi kwenye benchi yetu, pande zote mbili. Ile biki sikuipeleka kule mbele. Niliiweka upande wake wa zamani, nikaketi kwangu, nikaangalia mlango.