Itika, Kisha Urudi Kusikiliza

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kama mtu akumbukavyo ndoto aliyoiota akiwa macho. Ilinirudia jana, nilipoketi kando yako nikitazama programu yako ya kwanza: dirisha dogo kwenye kioo cha kompyuta, na ndani yake kitufe kilichoandikwa "Tafuta". Ulikibofya, dirisha zima likaganda. Ukabofya tena na tena kwa hasira, wala hata kitufe cha "Funga" hakikukusikia. Ukaniuliza, "Mama, imekufa?" Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nimerudi Tabora ya ujana wangu.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, opereta wa simu. Ubao wa simu ulisimama mbele yangu kama ukuta wenye vifuniko vidogo, kila kimoja mlango wa mji au kijiji. Mtu wa mbali alipozungusha mpini wa simu yake, kifuniko chake kilianguka na kengele ndogo ikavuma kama nyuki. Nami nilichomeka waya, nikaitika, nikamuunganisha na amtakaye. Mara nyingine, mchana ukiwa kimya, niliziona nyaya zile zikitambaa juu ya njia ya zamani ya misafara, kuelekea Ujiji na kuelekea pwani, na sauti za watu zikipita walipopita wapagazi na mizigo yao. Nilijiona mlinzi wa njia hiyo. Niliamini kwa moyo wote kwamba kila ndugu anayepiga simu anastahili kupewa mimi mzima, si nusu yangu.

Asubuhi ya siku hiyo ninayoikumbuka, mwenzangu wa zamu alikuwa mgonjwa, nikawa peke yangu. Kifuniko cha kijiji cha Puge kikaanguka. Alikuwa mzee mmoja akipiga kutoka ofisi ya kijiji, akimtaka mdogo wake, fundi cherehani wa Gongoni, pale pale mjini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwangaluka, mjukuu wangu! Mmeamkaje huko mjini?"

Kwetu Tabora, mzee akikusalimu kwa Kinyamwezi humkatizi. Nikamjibu, nikamuuliza habari za nyumbani, naye akanipa zote: mvua imekuja, mahindi yamebeba, ng'ombe amezaa, jirani amekorofishana na mkwewe. Nikamuuliza habari za huyo mkwe. Hapo ndipo kengele ilipovuma. Kifuniko cha zahanati moja ya Urambo kilikuwa kimeanguka. Nilikiona kwa pembe ya jicho, nikajiambia atangoja, adabu kwanza. Kengele ikavuma tena, ikavuma.

"Mjukuu," mzee akasema, "huyo nyuki ni wa kwenu au wa kwangu?"

"Kuna mwingine anapiga, babu. Atasubiri. Endelea."

"Asubiri nini, habari za mkwe wa jirani? Mimi shikamoo yangu nimeshapata. Ulipoitika tu, nilijua nimefika kwa watu. Sasa niweke hapo mlangoni, umsikilize mwenzangu. Au unaogopa nitakimbia? Kwa magoti haya?"

Nikacheka, huku uso ukiniwaka kwa aibu. "Nakuomba usubiri kidogo, babu," nikasema, nikachomeka waya wa Urambo.

Alikuwa mkunga, na pumzi zilikuwa zikimtangulia maneno. "Dada, nipe daktari wa hospitali! Mama hapa anatokwa na damu, mtoto hajashuka, na mimi niko peke yangu!"

Hapakuwa na salamu. Nilimuunganisha, nikamsikia daktari akisema, "Haya, tulia, niambie hali yake." Nikatamani kubaki, niisindikize sauti ile kwa dua mpaka mwisho. Lakini kazi ile sasa ilikuwa na mwenyewe. Nikajitoa, nikamrudia mzee, nikampa mdogo wake, nikaukabili ubao.

Alasiri mkunga akapiga tena. "Dada wa simu, ni wewe? Ni msichana. Mama yake mzima. Hebu msikilize." Akakielekeza kinywa cha simu ndani ya chumba, nami nikasikia kilio chembamba kikitoka mbali sana, kana kwamba kilikuwa kimetembea kwa miguu njia yote ile ili kinifikie. Ningeweza kukisikiliza mpaka jua lizame. Kifuniko cha Nzega kikaanguka. "Hongereni," nikasema, machozi yakiwa bado machoni, nikauchomoa waya.

Mwanangu, programu yako haijafa. Ina adabu nyingi mahali pasipofaa. Kitufe ni picha tu mpaka ukifungie kazi ya kufanya kinapobofywa, na hilo umelifanya vizuri. Shida iko hapa: kazi yote ndefu ya kutafuta umeiweka pale pale panapoitikiwa mbofyo, na anayeviitikia vitufe vyote ndani ya programu ni mmoja tu, kama mimi peke yangu mbele ya ubao. Akizama humo, dirisha zima linakuwa kiziwi. Basi kitufe kikibofywa, itika upesi. Andika hapo "Nimekusikia, subiri kidogo", ukizime kitufe hicho kwa muda ili mwenye wasiwasi asikibofye ovyo. Ile kazi ndefu mkabidhi mtendaji mwingine ndani ya programu aifanye pembeni, akimaliza alilete jibu dirishani. Wewe urudi kusikiliza. Usidhani kuikabidhi kazi ni kumdharau aliyekuita. Anachokihitaji kwanza ni kujua kwamba amesikika.

Na si kwenye kompyuta tu. Utakapokuwa mtumishi wa watu, utapenda kummalizia mmoja wema wako wote, na moyo wako utakusifu kwa hilo. Uwe na hofu na sifa hiyo. Nyuma yake huenda yupo anayepiga na kupiga, na pumzi zinamwishia.

Mwenyezi Mungu akujaalie masikio mepesi, na moyo mpana wa kupokea bila kushikilia. Wakuitao, wa karibu na wa mbali, wakukute upo.