Upepo wa Kwenye Kanda

Juzi nilipokuwa nikipanga vitu vya mama nyumbani kwake, mtaa wa Woodley, nilifungua kasha la kanda ya video nikasikia harufu ya plastiki kuukuu.

Kanda hiyo baba alipewa na mwenzake wa kazini. Ilionyesha vimbunga vya Amerika, vile vikali kuliko vyote, vikinyanyua nyumba nzima na kuzitawanya kama pumba. Mwaka huo binti wa shangazi alikuja kukaa nasi. Alikuwa na miaka sita. Kwao Machakos upepo ulikuwa umeng'oa paa, na bati likamuua mama yake.

Mchana mmoja mimi na dada yangu tulimkalisha mbele ya runinga.

"Huo ndio upepo ulibeba mamako," dada akamwambia.

Kisha nikarudisha kanda nyuma. Mabati yakashuka kutoka angani, kuta zikasimama, nyumba ikawa nzima tena.

"Umeona? Sasa ngoja, atatoka kwa mlango," nikamwambia.

Akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akangoja. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

"Rudisha tena," akasema polepole. "Labda hakuwa amemaliza kuvaa viatu."

Nikarudisha, tena na tena, mpaka mchezo ukatuchosha. Tukazima runinga, tukaenda nje kuruka kamba. Tuliporudi jioni alikuwa bado ameketi pale kwenye zulia, akikitazama kile kioo cheusi. Tulipoanza kuongea, aliweka kidole mdomoni kutuashiria tunyamaze.