Mchanga wa Doldol

Murugi huuza maua ya mikebe hapa Othaya, hatua tatu kutoka meza yangu ya maparachichi, na sijaona mtu wa kuringia udongo kama yeye. Ukimwambia huu wetu mwekundu unatosha, anakucheka. "Huu ni wa majani chai, Watiri. Ukiutia kwa mkebe unashikana kama tofali, mizizi inakosa pumzi." Akihamisha ua, anatoboa mkebe mashimo matano, anapangusa mizizi taratibu, kisha anajaza mchanganyiko wake: udongo wa msitu, mbolea ya ng'ombe iliyokauka, na mchanga wa Doldol.

Mchanga ulikuwa kazi ya Miriti, mume wake. Alienda Doldol miaka minne iliyopita kufanya biashara ya mbuzi, na kila mwezi alirudi na gunia moja, mchanga wa chembe nene aliouosha na kuuchekecha mwenyewe. Halafu, tangu Februari mwaka jana, likawa linakuja gunia peke yake kwa lori la Nderitu, dereva anayebeba mbuzi. Simu ya Miriti nayo haikushika tena.

"Mtu aliyekusahau hawezi kukuoshea mchanga," Murugi aliniambia. Nikaendelea kupanga maparachichi yangu. Kila gunia likishuka, alimpa Nderitu kifurushi ampelekee: majani chai, mukimo ya viazi na mahindi, mara moja sweta aliyofuma mwenyewe. Krismasi ikapita bila Miriti, Murugi akasema atakuja Pasaka. Pasaka ikapita, akasema Agosti.

Mwezi wa sita mwalimu mmoja akarudisha jeraniamu sita, majani yote manjano. Murugi aling'oa moja. Mizizi ilikuwa nyeusi na inanuka. Akamwagia mkebe mwingine maji, yakasimama juu, hayashuki. Ndipo akachota mchanga uliobaki kwenye gunia, akautia kwa glasi ya maji, akakoroga. Maji yakawa matope matupu. Hakuwa ameupima kabla. Alisema kazi ya Miriti haipimwi.

"Huu si Miriti ameuosha," akasema.

"Labda alikuwa na haraka," nikajibu. Ngai! Sijui hata kwa nini nilimtetea.

"Miriti hana haraka na mchanga."

Ijumaa lori likafika. Murugi alisimama kwa mlango wa dereva, Nderitu hata hakupata nafasi ya kushuka. "Nani huchota huu mchanga?"

Nderitu aliangalia usukani. "Ni mimi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Februari. Hata kuosha nilikuwa naosha. Ni mwezi wa tano mto ulijaa, nikachota kando kando bila kuosha."

Nikapandwa na hasira. Nikamwita mwongo, nikamwita mla mukimo ya wenyewe, nikamuuliza sweta aliiuza soko gani. Watu wakaanza kusogea.

"Chakula nilikula," akasema. "Sweta nilimpelekea Miriti, akaikataa. Ameoa kule, mama. Wako na mtoto."

Murugi hakupiga kelele. Heri angepiga. "Sasa mbona hukuniambia? Mwaka mzima na zaidi, Nderitu!"

"Alinituma nikuambie amekufa. Ati ukisikia hivyo utaacha kumngoja. Nikafika hapa, nikakupata umefagia mahali pa kuweka gunia, nikashindwa kusema. Nikakuambia litakuja kesho. Nikarudi mtoni na koleo."

 Nikamshika Murugi mkono, akautoa polepole.

"Ungesema tu amekufa," akamwambia Nderitu, na sasa machozi yakamtoka. "Watu wangekuja kwangu. Wangeomba, wangenipikia chai, tungemlilia siku ngapi sijui, halafu yaishe. Sasa hii nitaita nani aje?"