Watu Sitini wa Mtoni

Kila asubuhi ya msimu wa mafuriko, Abdia alituma ujumbe wa simu kwa shirika la misaada aliloliwakilisha kwa kujitolea pale Garsen, akieleza maji yamefika wapi na watu wako wapi. Ilikuwa lazima uwe wa Kiingereza. Chake kilikuwa cha darasa la nane, na kilimtosha mpaka siku alipoandika: "Sixty people are in the river." Alitaka kusema watu sitini wako mtoni, wamekaa juu ya tuta na mizigo yao, wanangoja turubai.

Saa nne ikafika mashua ya injini na wapiga mbizi wawili. Turubai haikuwamo hata moja. Jasper, msimamizi wake, akashuka akiwakodolea macho watu waliokaa pakavu.

"Mama Nuh," akamwita Abdia, "wanaozama wako wapi?"

"Nani anazama?"

Akamwonyesha simu. "Umeandika 'in'. Yaani wamo ndani ya maji."

"Basi 'on'."

"Hiyo ni juu ya maji. Wanatembea juu ya mto?"

Wapiga mbizi wakacheka. Uso ukamwaka Abdia. "Kiswahili kina wamo, wapo na wako, Bwana Jasper. Niache niandike hicho."

"Nairobi wanataka Kiingereza."

Turubai zilikuja kesho yake, watoto wameshanyeshewa. Rosina, bibi wa wajukuu wanne pale tutani, hakugomba. Aliuliza tu, "Kwani ulituombea nini, mwanangu?" Swali hilo lilimuuma Abdia kuliko kile kicheko.

Akamwendea mwalimu Charity, akaandikiwa karatasi: 'in' ni ndani, 'on' ni juu, 'at' ni mahali. Ikamwingia. Kisha mwalimu akaongeza kwamba kwenye teksi mtu huwa 'in', kwenye basi huwa 'on'.

"Kwa nini, na wote wamekaa ndani?"

"Ndivyo kinavyosemwa."

Abdia akaikunja karatasi.

Tangu hapo kila kitu kikawa 'near': watu, ng'ombe, zahanati. Neno hilo halimzamishi mtu. Alhamisi maji yalipopanda tena akatuma, "People near the river." Jibu la Jasper halikukawia: karibu kiasi gani?

Akasonya, akakusanya dera lake mkononi, akahesabu hatua kutoka kwenye tuta hadi majini, matope yakimfika vifundoni. Thelathini na moja. Alipomaliza kuandika, mto ulikuwa umeshakula tatu.