Siku Kaka Alipotupeleka Kuona Faru

Wifi yangu Mwanamisi aliletwa Karatu akiwa bibi harusi, kutoka Tanga, akalalamikia baridi mwaka mzima. Baadaye alizoea, akawa anakaanga maandazi barazani pa duka letu, na wateja wakimfuata yeye, si kaka yangu Hasani mwenye duka. Kitu kimoja tu alikuwa akikiomba: apelekwe Ngorongoro akaone wanyama. Lakini kaka kwa uchoyo wa petroli, wacha tu!

"Wanyama wana nini? Kwani hujaona punda?"

Mwaka 1963 dereva mmoja alikuja na habari kutoka Arusha: mama yake Mwanamisi amefariki Tanga, wameshamzika. Kwetu mtu aliye mbali huambiwa kuna mgonjwa. Ukweli ataupata akifika mikononi mwa ndugu zake. Kaka akamwambia mama anaumwa, twende. Mimi nikaapishwa nifunge mdomo.

Asubuhi, badala ya kushuka Mto wa Mbu, kaka akageuza Landrova kupanda Ngorongoro! Nikamfinya, akanikazia macho. Masikini, alitaka mkewe afurahi siku moja kabla ya kilio. Tukateremka mpaka ndani ya kreta. Wanawe, Kurwa na Doto, wakapiga kelele: nyati, pundamilia, faru na mtoto wake! Mwanamisi alitazama tu, chupa ya asali aliyombebea mama yake mapajani. Nikadhani ni baridi.

Arusha tukapanda treni. Watoto wakabandika pua dirishani: Kilimanjaro na theluji yake, milima ya Upare, kisha mikonge isiyokwisha. Kaka akawanunulia ndizi kila stesheni. Mimi moyo uliniuma kila nikiiona ile chupa.

Tulipofika Korogwe, Mwanamisi akampa chupa bibi mmoja aliyekaa mbele yetu.

"Pokea, mama. Niliyembebea hatakula tena."

Kaka akamgeukia. "Mama Kurwa, nani kakwambia?"

"Wewe, Baba Kurwa. Mama angekuwa mgonjwa, tungekimbia. Wewe ulipata nafasi ya kunizungusha kutazama faru."

"Na ukanyamaza njia nzima?"

"Watoto walikuwa wanafurahi. Na wewe ulikuwa umejitahidi, mume wangu."

Ndipo akavuta kanga usoni, akalia mpaka Tanga. Tuliporudi Karatu aliendelea na maandazi yake. Wazungu wakapita na magari, majirani wakaenda na kurudi wakisimulia. Yeye hakuomba tena kupelekwa Ngorongoro, mpaka naye tukamzika.