Mkanda wa Pili Ulibaki Ndundu

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa mpaka vichochoroni, Kibiti ikapata banda la video. Lilikuwa karibu na stendi, kuta za makuti zilizofunikwa magunia kuzuia mwanga, mabenchi ya mnazi, na nyuma yake jenereta lililonguruma hata sauti ya picha ikasikika vipande vipande. Mlangoni pake nilikaanga mihogo. Niliishia darasa la tano, mwaka ambao kipindupindu kiliwachukua baba na mama ndani ya masika moja kule visiwani, deltani, walikokuwa wakikata boriti za mikoko. Nilikuja bara na wadogo zangu watatu, tukapewa kiwanja katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kibiti. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba.

Kulikuwa na picha moja ya vita, ya zamani, iliyojaza banda kila Ijumaa baada ya sala. Askari saba wako gerezani kwa makosa yao wenyewe: wizi, kuua, kumpiga mkubwa wao. Wengine wanasubiri kitanzi. Anakuja afisa mmoja mchechemeaji, anawaambia kuna kazi nyuma ya mistari ya adui, kazi ambayo askari wema hawaitaki. Atakayekubali, kosa lake limefutwa. Hatukujua Kiingereza chao, ila mwenye banda alitueleza, na yaliyobaki tuliyaona kwa macho. Tuliwapa majina. Kulikuwa na Kipara, na Ustadhi aliyepiga magoti kila kabla ya kulala, na Jitu lililokula chakula cha wenzake. Steringi, shujaa wa picha, alikuwa kijana wa kofia ya upande, mwizi, mwenye tabasamu.

Mkanda mzima walikuwa wakifundishwa. Waliangushana matopeni, wakagombana, wakapatana, na mwisho wakawa kitu kimoja. Ulikwisha wakipanda ndege huku wakiimba. Hapo mwenye banda alizima jenereta, na vijana wakatoka wakitembea kiaskari mpaka stendi. Kwa watu wa kwetu hiyo ndiyo ilikuwa sinema nzima.

Mimi niliona kilichofuata. Pantoni la kuvukia mto pale Ndundu lilikuwa limeharibika, malori ya Lindi yamepanga foleni siku ya nne, na palipo na foleni mihogo huuzika. Nilipanda lori na karai langu. Pale Ndundu nako kulikuwa na banda la video, la ndugu wa mwenye banda la Kibiti; walinunua picha moja ya mikanda miwili wakagawana, kila mmoja mkanda wake. Nilichungulia mlangoni nikamwona Kipara. Nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani. Nikaingia, nikakaa.

Kipara alikufa kabla sijameza muhogo wangu. Ustadhi alifuata, akiwa ameinua mikono. Steringi alikuwa wa tatu. Alidondoka kwenye maji, kofia ikabaki ikielea. Watu wa Ndundu waliendelea kutafuna mihogo yao. Hawakuwahi kuwaona wale watu wakicheka, kwao walikuwa maiti tu waliochelewa. Saba walikwenda, akarudi mmoja, Jitu, na hata yeye alirudi hazungumzi. Nilitoka nikauza mihogo iliyobaki, na niliporudi Kibiti sikumweleza mtu. Niliona ya nini kuwaharibia furaha.

Mwaka huo huo simba aliingia bondeni kwetu. Kwanza alimshusha mzee mmoja kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachojenga shambani ili kuwinga ndege na nguruwe. Kisha akamchukua mwanamke aliyekwenda kuteka maji, mchana kweupe. Watu wakaacha kumtaja simba kwa jina. Walisema mgeni. Mgeni kapita huku, mgeni kalala matete yale. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na kutoka juu tuliwaona ndege wakiula bila mtu wa kuwafukuza.

Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alikuja kutoka wilayani na bunduki yake. Alikaa siku mbili akitazama nyayo, kisha akasema mnyama hatatoka kwenye matete bila kusukumwa. Alitaka watu watano waingie kwa mstari, wakipiga madebe, na mikuki mkononi, yeye amsubiri upande wa pili. Hakujitokeza mtu. Ndipo mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano kwenye baraza ya ghala la ushirika, ghala lililokuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waje kununua korosho.

Mtendaji alikuwa mpenzi mkubwa wa picha, akikaa benchi la mbele kila Ijumaa.

"Nani hajaiona ile ya wafungwa?" aliuliza. Watu wakacheka. "Basi na sisi tunao wa kwetu. Ofisini kwangu kuna kesi za vijana watano. Mvuta bangi, wapiganaji wawili, aliyemtukana mgambo, na mwizi wa korosho. Wakiingia wakamtoa mgeni, karatasi zao nazichana hapa hapa mbele yenu."

"Steringi nani?" mtu alipiga kelele.

"Mwizi wa korosho!"

Mwizi wa korosho alikuwa mdogo wangu anayenifuata. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa amebeba gunia moja kutoka stoo ya mfanyabiashara wa Kibiti, akakamatwa nalo begani, akakiri. Alisimama, akavuta kofia yake upande, akapiga saluti. Baraza zima likapiga makofi. Tangu tufike kijiji kile sikuwahi kuona mtu akimpigia makofi. Niliona uso wake, nikajua nimempoteza.

Nikasimama. "Mtendaji, shikamoo."

"Marahaba, mama mihogo."

"Picha ile haiishii kwenye ndege."

"Siku hizi unauza na sinema?" Kicheko.

"Mkanda wa pili uko Ndundu. Nimeuona. Walikwenda saba, akarudi mmoja. Steringi si yeye."

"Steringi hafi!" vijana walipiga kelele.

"Alikufa wa tatu," nikasema.

Mtendaji aliinua mkono kuwatuliza. "Dada yangu, ile ni picha tu. Wanapakana rangi nyekundu, jioni wanakwenda kula."

"Na huo mkanda wa kwanza unaotuitia watu nao, si picha?"

 Bwana nyama, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja, akasema akitazama viatu vyake, "Bunduki ni moja tu." Watu walidhani anajisifu, wakampigia makofi naye.

Mjane jirani yetu, aliyekaa kando yangu, alinivuta kanga. "Kaa chini, mwanangu. Usijitafutie maadui." Mwanawe wa pekee alikuwa nyuma yetu, anacheka mpaka anashika mbavu.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu ananoa mkuki kwenye jiwe la kusagia.

"Huendi," nikasema.

"Dada, kaa uelewe. Nikienda mahakamani ni miezi sita, na nikitoka ni mwizi mpaka nazikwa. Nikienda bondeni, keshokutwa sina kesi. Watu watanisalimia."

"Watakusalimia ukiwa kwenye jeneza."

"Umeona picha moja Ndundu basi umekuwa mganga."

"Nani atakayekuwa kushoto kwako kwenye mstari?"

"Mvuta bangi."

"Mgeni akigeuka, mvuta bangi atasimama?"

 Alijaribu ncha ya mkuki kwa kidole gumba. Baadaye akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "Umenilea, dada. Sasa niache."

Nilifikiri kumfungia, lakini mlango wetu ulikuwa wa makuti. Nilifikiri kumpigia magoti mtendaji, lakini alikuwa ameshatangaza mbele ya kijiji. Nikaona kitu kimoja tu. Kesi ya mdogo wangu ilikuwa haijafika polisi. Mfanyabiashara alirudishiwa gunia lake akamwachia mtendaji amalizane nayo. Kama mwenye gunia angekwenda polisi mwenyewe, karatasi ya mtendaji ingekuwa haina kazi.

Nikatembea mpaka Kibiti mchana ule, nikamkuta dukani kwake anapima misumari.

"Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu," nikamwambia.

"Nimeshasamehe, mama. Gunia nimelipata."

"Sitaki usamehe. Nataka ukamshtaki."

Aliacha misumari. "Wenzio huja hapa kulia nifute kesi."

"Mimi nalia uifungue."

Nikamweleza. Alinitazama muda mrefu, akauliza kama nina akili zangu, akauliza tena, kisha akachukua baiskeli yake. Ndiyo siku niliyomuuza mdogo wangu, na sikupewa hata msumari.

Asubuhi yake vijana watano walikuwa wamepangwa ukingoni mwa bonde, madebe shingoni, wake kwa waume wamekuja kuwatazama. Mtendaji alikuwa akiwapitia mmoja mmoja kwa mwendo wa kuchechemea, kama yule afisa, na watu wakicheka. Polisi wawili walifika kwa miguu. Wakamtaja mdogo wangu kwa jina la baba yake. Alifikiri ni mzaha. Walipomfunga pingu ndipo akanitafuta kwa macho kati ya watu, na aliponiona sijashangaa, akajua.

"Dada," alisema. Basi.

Niliwafuata nyuma mpaka kituoni, kwa hiyo yaliyofuata nilisimuliwa. Bwana nyama alitaka kuahirisha, akisema mstari wa watu wanne una pengo. Mtendaji akauliza nani atamjazia nafasi steringi. Mwana wa mjane akaruka mbele. Hakuwa na kesi yoyote. Mama yake alimwita mara mbili, lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na yeye alikuwa ameshauokota mkuki wa mdogo wangu mchangani.

Waliingia matete kabla ya adhuhuri. Risasi ilisikika moja. Mnyama alijeruhiwa begani, na badala ya kwenda mbele akageuka kwenye mstari. Mvuta bangi alikimbia, kama mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Aliyekuwa kulia kwake hakuwahi.

Nilikutana nao njiani nikirudi, wamembeba kwenye kitanda cha kamba, wamemfunika kanga ya mama yake. Mtendaji alikuwa nyuma yao, anatembea sawasawa. Mnyama hakupatikana. Damu yake waliifuata mpaka kwenye maji, ikaishia hapo.

Kwenye matanga nilipika siku zote. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha. Siku ya tatu mjane alikuja jikoni, akachuchumaa karibu na sufuria.

"Mdogo wako anakula huko ndani?"

"Anakula, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akaondoka na ukuni mmoja uliokuwa unatoa moshi.

Mahakama ya mwanzo ilimpa miezi sita. Nilipokwenda kumtazama alikubali chakula, ila hakukubali maongezi. Habari ya mwana wa mjane alikuwa nayo kabla sijafungua mdomo. Alitaka kujua jambo moja tu, kama ni kweli kijana aliuchukua mkuki wake. Nikasema ni kweli.

Alirudi amekonda, kichwa kimenyolewa. Alilala siku moja. Siku ya pili alikwenda kwa mjane, akakaa huko mpaka alasiri, na aliporudi akaanza kukunja mkeka wake.

"Unakwenda wapi?"

"Bondeni. Shamba lake halina mtu wa kulilinda."

"Mnyama yule hajafa."

"Najua."

"Ana kidonda. Mwenye kidonda ni mbaya zaidi."

"Najua, dada." Alifunga mkeka kwa kamba, akaukaza kwa goti. Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya pingu. Hakuwa na hasira. "Safari hii hutapata wa kunishtaki."

Alijenga dungu jipya mahali pa lile la mwana wa mjane. Mjane alimpelekea chakula asubuhi, mimi mchana. Kila msimu ikawa hivyo. Njia ya kwenda huko hupita katikati ya matete, na mtu haoni dungu mpaka awe karibu. Sikupita bila kumwita kwanza. Nilisimama palipoanza matete, na bakuli kichwani, nikaita jina lake. Mara nyingine upepo ulikuwa unavuma upande wangu na yeye alikuwa akiwinga ndege upande wa mbali, akachelewa kuitika. Sikuita mara ya pili. Nilisimama pale pale, nasikiliza.